UTUMBO MWEMBAMBA UKIZIBA: Matibabu bila ya kisu, na wakati ambapo kisu hakiepukiki



Leo tuzungumzie ugonjwa ambao wengi huupata bila kuujua jina: kuziba kwa utumbo mwembamba. Nimeuchagua kwa sababu mbili.

Kwanza, wengi wetu tumewahi kupasuliwa tumbo, huko nyumbani au huku ugenini. Kuna aliyetolewa kidole tumbo, aliyezaa kwa operesheni, aliyetolewa vivimbe vya kizazi, aliyeshonwa ngiri, na hata aliyetobokwa na utumbo kwa homa ya matumbo akiwa mtoto. Upasuaji huo wa zamani ndio chanzo kikubwa cha ugonjwa huu.

Pili, matibabu yake huwashangaza sana watu wetu. Mgonjwa anafika hospitali akidhani atapasuliwa usiku uleule. Badala yake anawekewa mpira puani na dripu mkononi, anaambiwa asile wala asinywe, kisha siku ya pili inapita na ya tatu inaingia. Ndugu wanaanza kunong'ona: "Hawa wametutupa. Angekuwa mwenyeji wangeshampasua." Wengine hufikia kutia saini na kuondoka na mgonjwa wao.

Mimi ni muuguzi, nimesomea Tanzania na baadaye Uingereza, na nimefanya kazi wodi za upasuaji pande zote mbili. Jambo ninaloomba ulishike leo ni hili: kwa ugonjwa huu, kusubiri hospitalini chini ya uangalizi ni matibabu kamili. Kusubiri nyumbani ni kuhatarisha maisha. Tuone kwa nini.

1. UTUMBO UNAZIBA VIPI?

Utumbo mwembamba ni bomba laini lenye urefu wa takriban mita 6, limekunjwakunjwa tumboni. Kazi yake ni kusukuma chakula mbele na kukifyonza. Kila siku mwili humwaga ndani yake lita 7 hadi 8 za majimaji: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hufyonzwa na kurudi kwenye damu.

Mtu akipasuliwa tumbo, mwili huponya kidonda kwa kutengeneza kovu. Ndani ya tumbo kovu hilo linaweza kuwa kama nyuzi au utando unaogandisha utumbo na utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo. Tuziite nyuzi za kovu. Huku mtasikia madaktari wakiziita adhisheni. Watu wengi waliopasuliwa wanazo na hawatasumbuka nazo maisha yao yote. Lakini kwa baadhi, baada ya mwezi mmoja au baada ya miaka 30, utumbo hujipinda kwenye uzi huo, kama mpira wa kumwagilia bustani unavyojikunja, na maji yakakwama.

Zaidi ya nusu ya watu wanaozibwa utumbo mwembamba katika nchi za Magharibi chanzo chao ni nyuzi hizi. Sababu nyingine ni ngiri iliyobana, uvimbe au saratani, kifua kikuu cha tumbo, uvimbe sugu wa utumbo unaoitwa Crohn, na kwa watoto wa kwetu, mnyoo wa askarisi wakijifunga rundo. Makala hii inahusu zaidi nyuzi za kovu, kwa sababu hizo ndizo zinazoweza kuachia bila ya kisu mara nyingi.

Kinachotokea baada ya kuziba ni rahisi kukielewa. Yale majimaji ya lita 7 hayana pa kwenda. Utumbo ulio juu ya pale palipoziba unajaa na kuvimba, mgonjwa anatapika, na maji ya mwilini yanaishia tumboni badala ya kwenye damu. Figo zinaanza kukosa maji. Utumbo ukizidi kuvimba, au ukijisokota, damu haifiki na sehemu hiyo inaanza kufa. Hapo ndipo hatari ilipo.

2. DALILI ZA KUJUA

Dalili kubwa ni nne:

• Maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kwa vipindi, kama uchungu wa kuzaa.
• Kutapika. Mwanzoni chakula, kisha maji ya kijani ya nyongo, na ukichelewa, matapishi ya kahawia yenye harufu ya choo.
• Tumbo kujaa na kuwa gumu kama ngoma.
• Kutopata choo na kutojamba kabisa.

Hiyo ya mwisho wengi huona haya kuisema. Tafadhali iseme. Daktari au muuguzi akikuuliza kama unajamba hana utani, anapima utumbo wako.

Tahadhari mbili. Saa za mwanzo mtu anaweza bado kupata choo kidogo, kwa sababu kile kilichokuwa chini ya pale palipoziba kinaendelea kutoka. Kwa hiyo choo kimoja kisikudanganye. Pia, kama palipoziba ni juu karibu na tumbo, mgonjwa hutapika sana lakini tumbo halijai.

Piga simu ya dharura mara moja (999 Uingereza, 112 Ulaya, 911 Marekani na Kanada, 9999 Oman, 998 Falme za Kiarabu) kama maumivu yameacha kuja kwa vipindi na sasa hayakatiki, kama kuna homa, kama moyo unakwenda mbio, kama tumbo linauma hata likiguswa kidogo, kama mgonjwa amechanganyikiwa, au kama kuna uvimbe wa ngiri uliokuwa ukirudi ndani na sasa umekuwa mgumu, unauma na haurudi.

3. USIFANYE HAYA NYUMBANI

Najua mwenendo wetu. Tumbo likijaa na choo kikikosekana, mtu anasema "nimefunga choo tu", na dawa zinaanza: chumvi ya haluli, sanamaki, mafuta ya mbarika, shubiri, vidonge vya kuharisha vya dukani, enema. Kwa mtu aliyefunga choo cha kawaida baadhi ya hizi husaidia. Kwa mtu aliyezibwa utumbo, dawa ya kuharisha ni kusukuma maji kwa nguvu kwenye bomba lililobanwa. Maumivu yanazidi, kutapika kunazidi, na utumbo unaweza kutoboka.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ukiwa unatapika, tumbo limejaa na hujambi, usinywe dawa yoyote ya kuharisha, ya mitishamba wala ya hospitali. Usinywe pia dawa ya kuzuia kutapika iliyobaki kabatini. Ile iitwayo metoklopramaidi huusukuma utumbo, nayo haifai kwa mtu aliyezibwa. Usikandwe tumbo. Usile ili "upate nguvu". Nenda hospitali yenye idara ya dharura, usingoje miadi ya daktari wa mtaa wiki ijayo.

Ukifika, jambo la kwanza kusema baada ya dalili ni: "Niliwahi kupasuliwa tumbo," na mwaka, na kwa sababu gani. Wengi hatuna karatasi za operesheni za nyumbani. Si neno. Onyesha kovu na eleza unachokumbuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kovu lililofichwa chini ya nguo haliwezi kumsaidia daktari. Akina mama, semeni pia kama mna mimba au hamjaona siku zenu, kwa sababu ya mionzi ya vipimo.

Na gharama? Uingereza huduma ya idara ya dharura ni bure kwa kila mtu. Ukilazwa, wasio wakaazi rasmi wanaweza kuletewa bili baadaye, lakini matibabu ya haraka hayatakiwi kucheleweshwa kwa sababu ya pesa. Wakimbizi na wanaoomba hifadhi hawatozwi. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inazilazimu idara za dharura za hospitali zinazopokea malipo ya Medicare, yaani karibu zote, zimpime na kumtuliza kila anayefika na dharura, awe na bima au hana. Usikae nyumbani kwa kuogopa bili.

4. HOSPITALINI: KILA MPIRA NA KAZI YAKE

Hapa ndipo watu wetu wanapodhani hawatibiwi. Tuchukue kimoja kimoja.

Kutokula wala kunywa. Utumbo unapumzishwa. Kila tonge na kila kikombe kinaongeza shehena juu ya pale palipoziba. Utaruhusiwa kulowesha midomo, kusukutua, na pengine kunyonya kipande kidogo cha barafu. Muulize muuguzi kwanza.

Mpira wa puani. Ni mpira mwembamba unaopita puani, kooni, hadi tumboni. Kuuingiza kunaudhi kwa dakika moja au mbili. Kaa wima, inamisha kidevu kidogo, na umeze kila unapoambiwa meza. Mpira huu unatoa hewa na maji yaliyokwama, hivyo kutapika kunapungua, tumbo linashuka, na hatari ya matapishi kuingia mapafuni inapungua. Utumbo uliokuwa umetanuka ukipungua, mara nyingi unapata nafasi ya kujinyoosha na kujiachia wenyewe. Njia hii si ya jana. Daktari wa upasuaji Owen Wangensteen wa Chuo Kikuu cha Minnesota ndiye aliyeieneza miaka ya 1930, na iliokoa watu wengi waliokuwa wakifa kwa kuziba utumbo. Usiuchomoe mpira huu kwa kuwa unakukera. Ukiuchomoa, utarudishwa.

Dripu. Inarudisha maji na chumvi ulizopoteza, hasa potasiamu. Potasiamu ikishuka utumbo wenyewe unalegea na kukataa kusukuma, kwa hiyo dripu inatibu utumbo pia.

Mpira wa mkojo. Wauguzi wanapima mkojo kila saa. Kwa mtu mzima tunatarajia angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, yaani mtu wa kilo 70 atoe kama mililita 35 kwa saa. Ukipungua, tunajua maji hayatoshi.

Vipimo vya damu, vinavyorudiwa kila siku au zaidi: chembe nyeupe, figo, chumvi za damu, na asidi ya lakteti, ambayo ikipanda inaweza kuonyesha kuwa utumbo unakosa damu.

Siti skani. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote. Kinaonyesha palipoziba, sababu yake, na kama damu inafika kwenye utumbo. Kinaonyesha pia kama kuna kitanzi cha utumbo kilichobanwa pande zote mbili, hali ambayo haiwezi kungojwa.

Sindano ya kuzuia damu kuganda. Mtu anayelala kitandani siku kadhaa anaweza kupata donge la damu mguuni. Waislamu wengi huuliza kuhusu sindano hii, na swali lao ni la haki: heparini inayotumika sana hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Usiikatae kimya kimya. Sema, kwa sababu ipo dawa iliyotengenezwa maabara, fondaparinaksi, ambayo huweza kutumika badala yake kama hali yako inaruhusu, na hospitali nyingi zina imamu wa kukushauri.

Dawa zako za kila siku. Kwa kuwa humezi kitu, waambie dawa zote unazotumia: za kisukari, presha, kifafa, ARV. Zitabadilishwa kuwa sindano au zitapangwa upya. Anayetumia insulini asiambiwe na ndugu aache kwa kuwa hali chakula. Hilo ni la daktari kuamua. Kama kuna dawa ambayo hutaki ndugu waijue, omba kuzungumza na muuguzi faragha.

5. DAWA YA KUONYESHA NJIA

Baada ya tumbo kukamuliwa vizuri kwa mpira, hospitali nyingi hutia kupitia mpira huohuo dawa ya maji iitwayo Gastrografin, kati ya mililita 50 na 100, kisha mpira hufungwa kwa muda. Dawa hii huonekana kwenye eksirei. Baada ya saa kadhaa, na si zaidi ya saa 24, unapigwa picha ya tumbo.

Kama dawa imefika kwenye utumbo mpana, ni habari njema: njia ipo, na zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa namna hiyo hupona bila kupasuliwa. Kama imekwama, daktari wa upasuaji anaanza kufikiria kisu. Dawa hii ina iodini, kwa hiyo sema kama umewahi kudhurika na dawa ya skani au una ugonjwa wa tezi ya shingo. Baadaye unaweza kuharisha kidogo. Usiogope, hiyo ndiyo njia ikifunguka.

6. TUTAZAME MFANO

Mfano huu nimeutunga kutokana na mambo ya kawaida ya wodini. Tumwite Mama Zuhura, miaka 46, aliyezaa kwa operesheni mara mbili.

*Jumapili usiku* anaanza kukatwa na tumbo kwa vipindi na kutapika. Asubuhi tumbo limejaa, hajajamba tangu jana. Dada yake anataka kumpa sanamaki. Binti yake anakataa na kumpeleka hospitali.

*Jumatatu.* Skani inaonyesha utumbo mwembamba umeziba kwenye nyuzi za kovu, na damu inafika vizuri. Mpira wa puani unatoa zaidi ya lita moja ya maji ya kijani. Tumbo linashuka na maumivu yanapungua. Daktari bingwa anampapasa tumbo asubuhi na jioni.

*Jumanne.* Anatiwa Gastrografin. Mume anauliza: "Mbona hampasuliwi?" Muuguzi anamwonyesha chati: mapigo ya moyo yameshuka, hana homa, mkojo unatoka, maji ya mpirani yanapungua. Picha inaonyesha dawa imefika utumbo mpana. Usiku anajamba.

*Jumatano.* Anaharisha mara mbili. Mpira unatolewa. Anaanza na maji ya kunywa kidogo kidogo, halafu supu iliyochujwa.

*Ijumaa* anarudi nyumbani, hana mshono mpya.

Sasa geuza jambo moja tu. Tuseme Jumanne hiyo maumivu yangekuwa hayakatiki, moyo mapigo 120 kwa dakika, homa, na lakteti imepanda. Mama huyohuyo, hospitali ileile, angepelekwa chumba cha upasuaji saa ileile. Ndiyo maana daktari anarudi kumpapasa tumbo mara kwa mara, na muuguzi anamwamsha saa nane za usiku kumpima. Wanatafuta dalili ya kubadilisha uamuzi.

7. SAA 72, NA LINI KISU HAKIEPUKIKI

Zamani madaktari wa upasuaji walifundishwa kuwa jua lisichomoze wala lisizame juu ya utumbo ulioziba. Leo skani zimebadilisha hali. Mwongozo wa kimataifa wa Bologna, toleo la 2017, unasema kwamba mgonjwa wa nyuzi za kovu asiye na dalili za hatari anaweza kusubiriwa hadi saa 72. Kati ya wagonjwa wanaochaguliwa hivyo, takriban 70 hadi 90 kati ya 100 huachia bila upasuaji.

Kwa nini tusimpasue kila mtu tumalize? Kwa sababu kila upasuaji wa tumbo huacha nyuzi mpya. Unaweza pia kujeruhi utumbo wakati wa kuzikata.

Lakini upasuaji hauepukiki kama:

1. Kuna dalili kuwa utumbo umetoboka au unakosa damu: tumbo gumu, maumivu yasiyokatika, homa, lakteti kupanda.
2. Skani imeonyesha kitanzi kilichobanwa pande zote mbili.
3. Ngiri imebana na hairudi.
4. Chanzo ni uvimbe au kitu kingine kisichoweza kuachia chenyewe.
5. Saa 72 zimepita na njia haijafunguka, au hali inazidi kuwa mbaya kabla ya hapo.

Ndugu zangu, hapa niseme wazi. Wapo wanaopigiwa simu kutoka nyumbani: "Usikubali kukatwa, watakuua, rudi tukutibu." Anayesema hivyo anakupenda, lakini haoni skani yako. Utumbo unaokosa damu hufa kwa saa, sio kwa wiki. Ukipasuliwa mapema, pengine ni uzi mmoja tu utakaokatwa, na mara nyingine kwa matundu madogo. Ukichelewa, utakatwa utumbo wenyewe. Aliyesubiri vizuri wodini hajapoteza kitu kwa kukubali kupasuliwa siku ya tatu. Muda wote huo alikuwa akitibiwa na akiandaliwa.

8. KAZI YA NDUGU WODINI

• Msilete uji, chai ya maziwa wala supu mpaka muuguzi aseme. Hata maji ya Zamzam au maji ya dua, ulizeni kwanza. Ikiwezekana loweka pamba umpanguse midomo.
• Msaidieni kukaa kwenye kiti na kutembea korido akiruhusiwa. Kutembea kunasaidia mapafu na miguu.
• Ombeni mkalimani. Uingereza huduma hiyo ni bure kwa mgonjwa, na Marekani pia hospitali zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kumpa. Msimtumie mtoto wa miaka 12 kutafsiri habari za tumbo la mama yake.
• Mwiteni muuguzi upesi maumivu yakibadilika, hata kama ni usiku. Hamsumbui mtu.

Maswali mazuri ya kumuuliza daktari: Nini kimeziba? Damu inafika kwenye utumbo? Picha inayofuata ni lini? Ni dalili gani itakayowafanya mpasue? Tukisubiri, mwisho wa kusubiri ni lini?

Mkipata majibu ya hayo matano, mtajua kama mgonjwa wenu anatibiwa au kweli ametelekezwa. Majibu yakikosekana, ombeni kumwona daktari bingwa au muuguzi mkuu wa wodi. Ni haki yenu.

9. KURUDI NYUMBANI NA KULA

Utumbo uliotoka kuziba bado umevimba. Wiki 2 hadi 4 za mwanzo, au kadiri utakavyoelekezwa, kula kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, tafuna sana, na kunywa maji. Kama meno yana shida, saga chakula.

*Vinavyofaa:* wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, uji laini, viazi na ndizi zilizopikwa zikalainika, mayai, samaki asiye na miba, kuku laini, mtindi, karoti au boga lililopondwa.

*Vya kuacha kwanza:* mahindi ya kuchoma, bisi, makande, karanga na korosho, machicha ya nazi, kisamvu na mashina ya mboga, maganda ya matunda, muwa, embe la nyuzi, nyama za machungwa na utando wake mweupe, tende nyingi kwa mkupuo, nyama ngumu yenye mishipa.

Baadaye rudisha kimoja kimoja, kila baada ya siku mbili tatu, uone tumbo linasemaje. Mboga si adui wa maisha; zinarudi taratibu.

Kurudi kazini, omba karatasi ya daktari kabla ya kutoka wodini. Uingereza siku 7 za mwanzo za ugonjwa huhitaji karatasi hiyo, unajaza mwenyewe. Usirudi kwenye zamu ya usiku siku ya pili kwa kuogopa bosi.

10. MASWALI NINAYOULIZWA SANA

*Je, itarudi?* Inaweza. Kwa waliopona bila kupasuliwa, takriban mtu 1 kati ya 5 hulazwa tena ndani ya miaka 5. Waliopasuliwa nao hurudiwa, ila kidogo pungufu. Kwa hiyo omba nakala ya barua ya hospitali na picha yake uiweke kwenye simu, hasa ukisafiri kwenda nyumbani.

*Naweza kufunga Ramadhani?* Si mara tu baada ya kutoka hospitali, wakati bado unahitaji maji na milo midogo. Baadaye zungumza na daktari wako. Ukiruhusiwa kufunga, usifuturu kwa kujaza tumbo kwa mkupuo. Anza na kinywaji na chakula laini, kisha pumzika.

*Kuna dawa ya kuyeyusha nyuzi za kovu?* Hakuna kidonge, mtishamba wala chai iliyothibitishwa kufanya hivyo. Anayekuuzia anakula pesa zako.

*Tumbo likianza kukata tena?* Maumivu madogo bila kutapika na bado unajamba: kunywa maji, kula laini, na umwone daktari wako siku hiyo au kesho yake, Uingereza unaweza kupiga 111. Ukianza kutapika, tumbo likajaa, na kujamba kukasimama: hospitali, moja kwa moja, na barua yako mkononi.

Makala hii ni ya elimu tu na haichukui nafasi ya daktari anayekuona. Mwambie leo jamaa yako aliyewahi kupasuliwa tumbo zile dalili nne, na umwambie kuwa zikitokea pamoja, haluli ibaki kabatini.

Nawatakia afya njema nyote.